Husky wangu anachimba mashimo na hali mchana: ni joto la Mombasa au kuna jambo jingine?

#1 BintiNyali
Salamu wote. Nina mbwa jike, Siberian husky, ana miaka miwili, kilo 19, jina lake Kusi. Nilimchukua Nairobi mwezi wa Agosti, na aliyeniuzia aliniambia atazoea Pwani ndani ya mwezi mmoja. Kweli Agosti hadi Oktoba alikuwa mzima, anazunguka uwanja mzima na kumaliza sahani mbili kwa siku. Tangu kaskazi lishike, na hasa wiki hizi tatu za Februari, amebadilika. Ikifika saa nne asubuhi anakwenda nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini, pale maji ya kiyoyozi yanapodondokea. Anachimba shimo la kumtosha, analaza tumbo kwenye ule mchanga mbichi, miguu ya nyuma ameitupa kama chura, na hatoki mpaka magharibi. Chakula cha mchana hanusi hata kunusa. Nimefukia shimo mara tatu, naye amechimba jingine hatua mbili pembeni.

Naomba wenye uzoefu waniambie: ni joto, ni ugonjwa, au aina hii ndivyo ilivyo? Na la pili, nafikiria kumpeleka Mlima Kenya akanyage theluji hata siku moja. Yawezekana?

#2 TuktukKongowea
Dada, mbwa wa kaskazini kabisa mwa dunia umempa jina Kusi, ndiyo maana kaskazi limemjia juu. Pole lakini. Picha tafadhali.

#3 FundiChangamwe
Mnyoe. Jawabu ni hilo tu. Wewe ungevaa blanketi mbili Februari hii? Chukua mashine, nyoa mpaka ngozi ionekane, kesho atakula.

#4 DaktariBamburi
Fundi #3, hapana, na nitaeleza kwa nini. Husky ana manyoya tabaka mbili: ya juu marefu na magumu, ya ndani laini na mazito kama sufi ya mto. Yale ya juu humkinga na jua. Ukimnyoa mpaka ngozini, jua la saa sita linapiga ngozi nyeupe ambayo haikuwahi kuliona. Cha kufanya ni kuchana. Mara mbili kwa mwaka hunyonyoka ile sufi ya ndani, na ukimchana wakati huo unatoa mfuko mzima kwa siku moja. Ikitoka, hewa inapita.

Kuhusu joto: mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Ana jasho kidogo kwenye nyayo, na kazi kubwa anaifanya kwa kuhema, maji yakauke kwenye ulimi na njia ya pua. Hapa kwetu shida si zile nyuzi 32 peke yake, ni unyevu. Hewa ya Nyali mwezi wa pili imeshiba maji, kwa hiyo ulimi haukauki upesi, naye anahema bila faida. Nyuzi 32 za Voi na 32 za Nyali kwa mbwa ni vitu viwili tofauti.

Dada, fanya mambo mawili leo. Inua mdomo wa juu utazame fizi, ziwe za waridi na mbichi. Bonyeza kwa kidole, zitakuwa nyeupe, na zirudi rangi yake ndani ya sekunde mbili. Halafu mpime joto njia ya nyuma. La kawaida ni kama 38.3 hadi 39.2. Likifika 41 hiyo ni hatari ya kufa, usisubiri.

#5 ShogaMtwapa
Naunga mkono daktari kwa yaliyonikuta. Wa kwangu nilimnyoa Januari mwaka juzi, niliambiwa vile vile atapoa. Mgongo ulibabuka, na manyoya yaliporudi yakarudi mafungu mafungu, mahali pengine sufi tupu bila ya juu. Mpaka leo kiunoni pana kiraka. Na joto alilisikia vile vile, analala choo cha nje kwenye sakafu.

#6 FundiChangamwe
Wangu German shepherd tulimnyoa na akachangamka siku hiyo hiyo. Nililiona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

#7 ShogaMtwapa
@FundiChangamwe mlimnyoa na kumwogesha siku moja? Basi pengine maji ndiyo yaliyomchangamsha.

#8 KupeNiAdui
Nyote mmekimbilia joto. Mimi naona kupe. Mbwa wangu wa Kisauni alianza hivyo hivyo: anatafuta ubaridi, hali, amelegea. Tukasema joto. Siku ya sita mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, fizi nyeupe kama karatasi. Ilikuwa homa ya kupe, vijidudu vimekula damu. Tulimpoteza usiku wa Ijumaa. Dada, chunguza ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Manyoya ya husky yanaficha kupe hamsini na usione mmoja. Halafu peleka damu ikapimwe, usiridhike na kutazama tu.

#9 BintiNyali
Ahsanteni. Pole sana @KupeNiAdui. Fizi ni za waridi na zinarudi upesi. Joto nimempima saa nane mchana, 39.4. Nimepata kupe wawili sikio la kushoto, wadogo. Sasa nina wasiwasi zaidi kuliko asubuhi.

#10 MzeeWaMjiKale
Binti, usifukie shimo. Hilo ndilo shauri langu la kwanza. Nimeishi miaka sitini na tisa ufukweni hapa, na mbwa koko wa Mama Ngina wote hujichimbia chini ya mibuyu kaskazi likikaza. Mchanga wa juu unaunguza, ukienda chini dhiraa moja pana ubaridi. Huyo hakufundishwa na mtu. Huko kwao huchimba theluji apate joto, hapa huchimba mchanga apate baridi. Ukimfukia unamvunjia nyumba.

#11 BarobaroTromso
Shikamoo Mzee #10, umenena. Mimi ni mtoto wa Majengo, niko Tromsø, Norway, mwaka wa tisa huu, na ninaishi na husky wawili. Wacha niwaeleze wanavyoishi katika baridi ndipo mtaelewa Kusi anatafuta nini.

Huku kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi. Saa sita mchana kuna mwanga wa buluu kama wa alfajiri, saa mbili tatu hivi, kisha giza. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nalala mchana na kulia usiku. Hawa mbwa ndio walionitoa nyumbani, maana husky akikosa kutembea atakula mlango.

Tukipanda mlima nafunga mkanda mpana kiunoni, kamba yenye mpira wa kuvutika inaunganisha mkanda wangu na mikanda yao ya kifuani. Wakati wa kupanda wananivuta, miguu yangu ndani ya viatu vipana vya theluji inapata nusu ya kazi. Wakati wa kushuka nawafungua au nawarudisha nyuma yangu, la sivyo wanakuangusha kifudifudi na kukuburuta. Nguo ya ndani ni sufu, pamba haifai kabisa, ikilowa jasho inaganda mwilini. Chupa ya maji naiweka kichwa chini, kwa sababu maji huganda kuanzia juu, na nikiipindua mdomo unabaki wazi. Kila nusu saa napiga magoti na kukagua nyayo zao. Theluji hujikusanya katikati ya vidole ikawa vigololi vigumu vya barafu, mbwa anaanza kuchechemea. Navipasua kwa vidole vyangu bila glavu, kwa dakika mbili tu nakuwa sizihisi ncha.

Tukipumzika wanajikunja duara, mkia juu ya pua. Theluji ikiwaangukia haiyeyuki. Inakaa juu ya mgongo kama unga juu ya mahamri, kwa sababu joto lote limebaki ndani, halivuki manyoya. Hapo ndipo nilipofahamu hawa ni viumbe gani. Na joto lile lile lisilotoka huku ndilo lisilotoka Nyali.

#12 TuktukKongowea
Unga juu ya mahamri. Umetutamanisha saa hizi za asubuhi. Mbaazi je, huko zipo?

#13 BarobaroTromso
Za kopo. Nazi pia ya kopo. Mwenyezi Mungu atanilipa.

#14 MsafiriPolepole
Swali kwa Barobaro: unatembeaje na nyuzi 40 chini ya sifuri? Nimesikia huko ndiyo kawaida.

#15 BarobaroTromso
Hapana ndugu. Tromsø iko ufukweni, na mkondo wa bahari unaotoka kusini una uvuguvugu. Januari wastani ni kama nyuzi 4 chini ya sifuri, ikiteremka sana 15. Baridi ya kutisha iko bara. Karasjok ndiko ilikowekwa rekodi ya Norway, 51.4 chini ya sifuri, mwaka 1886. Mbwa wangu ukiwapeleka bara penye 20 chini ndipo wanakuwa wendawazimu wa furaha. Ikifika nyuzi 10 juu ya sifuri, mwezi wa Mei, tayari wananung'unika wakivuta. Sasa fikirieni 32.

Na kabla hamjatamani, kila safari huanza kwa kusoma taarifa ya maporomoko ya theluji. Mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 ndio unaoua, na kwa macho unauona mzuri tu, mweupe na laini.

#16 MpagaziSirimon
Nimeona swali la Mlima Kenya halijajibiwa. Nimebeba mizigo ya wageni njia ya Sirimon na Naro Moru miaka mingi. Dada BintiNyali, mbwa haruhusiwi ndani ya hifadhi. Langoni utarudishwa. Na sababu ni ya haki: mbwa wa nyumbani hubeba maradhi. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uliingia Serengeti ukaua karibu thuluthi moja ya simba wa kule.

Hata angeruhusiwa, theluji yenyewe huifikii kwa mchezo. Kilele cha Lenana ni mita 4,985. Theluji ya kukanyaga unaikuta huko juu, alfajiri, siku imeanguka na siku haipo. Barafu ya Lewis niliyoikuta nikiwa kijana na iliyopo sasa ni vitu viwili. Mahali tulipokuwa tunavuka kwa kamba, leo ni mawe na vumbi.

#17 DadaWaVoi
Mpeleke Wundanyi basi. Kutoka Mombasa unapanda njia ya Nairobi, unakata Voi, kisha Mwatate na juu. Kilele cha Vuria kimepita mita 2,200, asubuhi ukungu mpaka miguuni, watu wamevaa masweta. Hakuna theluji lakini mbwa atakula siku hiyo, nakuhakikishia. Safiri usiku, mchana ndani ya gari Mackinnon Road hata mtu anapikika.

#18 NyahururuBoy
Theluji Kenya si mlimani pekee. Mwaka 2008 ilianguka kwetu karibu na Nyahururu, kilima kizima kikawa cheupe, watu wakabeba kwa ndoo.

#19 MpagaziSirimon
@NyahururuBoy ile ilikuwa mvua ya mawe iliyoshikana, siyo theluji. Theluji huanguka kama manyoya, ile ilianguka kama kokoto. Lakini kweli ilikuwa nyeupe na ilikaa.

#20 NyahururuBoy
Sisi tuliiita theluji na tukapigwa picha nayo.

#21 MzeeWaMjiKale
Mmegusa jambo langu. Hapa Mombasa ndipo habari ya theluji ya Afrika ilipotokea kwenda Ulaya. Mmisionari Rebmann alikuwa Rabai, hapo juu tu. Tarehe 11 Mei 1848 akiwa safarini kwenda Uchaga akaona kitu cheupe juu ya Mlima Kilimanjaro, akadhani wingu. Akamuuliza kiongozi wake, naye akamjibu kwa neno moja: baridi. Hakuwa na neno theluji, au hakuona haja yake. Alitaja unachokihisi ukifika. Wazungu wa London walibisha miaka mingi wakisema haiwezekani kuwe na theluji karibu na ikweta, Mwingereza Rebmann akaonekana mwongo.

#22 MsafiriPolepole
Mzee wangu, kwa heshima: Rebmann alikuwa Mjerumani, shirika lililomtuma ndilo la Kiingereza. Mwenzake Krapf, Mjerumani pia, ndiye aliyeuona Mlima Kenya akiwa Kitui, Desemba 1849.

#23 MzeeWaMjiKale
Ni kweli, ahsante mwanangu. Nimeteleza.

#24 MwalimuKibokoni
Asalam aleikum. Dada, umesema maji ya kiyoyozi, kwa hiyo mbwa yuko nje. Vizuri. Majirani wakikuuliza, waambie kwa madhehebu yetu ya Shafi mate yake ni najisi, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kumfuga kwa ulinzi kuna ruhusa. Lakini ukishamchukua, kiu yake na njaa yake ziko shingoni mwako. Tunaijua sote habari ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa. Mbwa huyo wako anatafuta udongo mbichi. Usiku utakapolala, beseni liwe limejaa.

#25 BintiNyali
Waaleikum salaam Mwalimu. Beseni ni mbili, na karai moja kubwa la kuingia. Nimesoma mara mbili uliyoandika.

#26 MamaWatatu_Tudor
Samahanini nimechelewa. Hakuna aliyeuliza: ametolewa kizazi? Alitokwa damu lini mara ya mwisho? Jike ambaye hajazaa, kama miezi miwili baada ya kipindi chake, mwili hudanganyika kuwa una mimba. Anachimba shimo la kuzalia, anakataa chakula, anabeba viatu akivilea. Wangu alikaa na kandambili yangu wiki mbili chini ya kitanda cha kamba, nikiigusa ananguruma. Haikuwa joto wala kupe.

#27 BintiNyali
Hajatolewa. Alitokwa damu… nadhani karibu na Krismasi, mwanzoni mwa likizo. Basi hesabu inafika.

#28 DaktariBamburi
Hesabu inafika, ndiyo. Gusa matiti, yakiwa yamejaa au yanatoa maji meupe, Mama wa Tudor yuko sahihi. Lakini hilo haliwafuti wale kupe wawili. Damu ipimwe.

#29 FundiChangamwe
Na upweke? Dada anafanya kazi mchana. Huyu mbwa alizaliwa avute sleji, lile gari la kuteleza juu ya theluji, na wenzake kumi, sasa anakaa peke yake na ukuta. Hata mimi ningechimba.

#30 BarobaroTromso
Fundi leo umesema kweli. Watu wa Chukchi wa kule mashariki ya mbali Siberia waliwafuga kwa safari ndefu, mzigo mwepesi, chakula kidogo. Ndiyo maana husky hula kidogo kuliko mbwa wa kilo zake, na asipofanya kazi anajipunguzia mwenyewe. Wangu hukataa chakula siku nzima Julai, na wazima kabisa. Usimlinganishe sahani na mbwa mwingine.

#31 TuktukKongowea
Na wale waliopeleka dawa Alaska, Balto sijui nani, ni aina hii?

#32 BarobaroTromso
Ndiyo. Mwaka 1925 dondakoo liliingia Nome, dawa ikapelekwa kwa sleji kilomita zaidi ya elfu moja, kwa kupokezana madereva ishirini, siku tano na nusu. Balto ndiye aliyeingia mjini akiongoza, ndiyo maana ana sanamu New York. Togo wa Leonhard Seppala ndiye aliyekimbia mbali kuliko wote na kwenye barafu mbaya kuliko zote. Ukiniuliza mimi, sanamu ilikuwa yake.

#33 MsafiriPolepole
Na wanaoshinda mashindano ya sleji Alaska leo wengi si Siberian halisi, ni mchanganyiko wanaouita Alaskan husky. Wembamba, miguu mirefu.

#34 DadaWaVoi
Mkumbukeni na Philip Boit wetu. Olimpiki ya baridi ya Nagano 1998, mkimbiaji wa Kalenjin juu ya skii, amefika wa mwisho, na Bjørn Dæhlie aliyeshinda dhahabu akamngoja mwishoni amkumbatie. Nilikuwa mdogo, baba alituamsha tutazame.

#35 KupeNiAdui
Turudi kwa Kusi. Umeme ukikatika mchana na kiyoyozi hakidondoshi, shimo linakauka. Akizidiwa utafanya nini? Mimi niliambiwa taulo mbichi, maji ya barafu kamwe.

#36 DaktariBamburi
Taulo mbichi ukimfunika nalo na kuliacha linakuwa blanketi la mvuke. Mmwagie maji yoyote yaliyo baridi kuliko mwili wake, ya mtungi au ya bomba, tumboni na mapajani, feni iwake au mumpepee kwa ukili. Kuogopa maji baridi kumeua mbwa wengi kuliko maji baridi yenyewe. Poza kwanza, gari baadaye.

#37 MzeeWaMjiKale
Mtungi. Msiudharau. Uzike nusu kwenye kile kivuli na uujaze, utatoa jasho usiku kucha na mchanga hautakauka hata umeme ukienda.

#38 BintiNyali
Taarifa. Jana saa tano usiku nilimtoa tukatembea ufukweni, maji yamekupwa, upepo upo. Alikimbia mpaka kamba ikanichubua kiganja. Tuliporudi alikula sahani nzima, kuku na wali, akalamba sahani ikasogea mpaka mlangoni. Leo mchana yuko shimoni tena, hagusi kitu. Matiti yamejaa kidogo, au ndivyo ninavyoyaona. Damu inachukuliwa Jumatatu saa mbili. Mtungi nimeununua Kongowea, shilingi mia nane.

#39 TuktukKongowea
Mia nane wamekuonea dada. Ungeniambia.

#40 MamaWatatu_Tudor
Kabla ya Jumatatu, tazama kama amebeba kitu chochote ndani ya lile shimo. Kiatu, kitambaa, mwanasesere.

#41 BintiNyali
Nimetoka kutazama sasa hivi. Kuna kifuu cha nazi. Amekikumbatia.